Kete ya Thelathini na Moja

Ijumaa, nikishafunga duka, natandika kaniki
juu ya meza ya kukatia nguo.
Hiyo ndiyo anga. Masega yake nimeyachora kwa chaki ya fundi,
pembe sita sita, mia mbili na kitu,
na pale mafuta ya cherehani yalipoacha doa
tumekubaliana ni shimo jeusi: hakipiti chombo.

Kyalo anafika na sanduku lake, vumbi la msasa kwenye nyusi.
Analifungua polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.
Ndani, kwenye pamba, vinyago kumi na viwili:
mpingo kwa manowari,
mwarobaini kwa vile vidogo vya kukimbiza.
Kila kimoja kina omo na tezi, madirisha ya ncha ya sindano,
mizinga niliyoiona kwa miwani tu.

Mimi natikisa kopo la biskuti.
Zangu ni kete za kadibodi, maboksi ya nyuzi
niliyoyakata Ramadhani, nikingojea daku:
mzinga nne, ngao mbili, mwendo saba,
kwa kalamu ya bluu, na ilipokauka, nyekundu.

"Hizo ni risiti," anasema. "Unapigana vita kwa risiti."
"Na wewe kwa mapambo ya hoteli."
Basi tunarusha dadu.

Nitampa haki yake: chombo chake kikigeuka
unakiona kinageuka. Kivuli kinatangulia masega matatu.
Tsuma, mtoto wa jirani, alikuja kuchukua kaptula ya shule
akasimama upande wa Kyalo,
kaptula begani, mdomo wazi.
Namba haijawahi kumwacha mtu mdomo wazi.

Lakini namba haivimbi kifua.
Kete ikisema ngao mbili, ni mbili.
Nazirundika tano tano katika sega moja
kama shati zilizopigwa pasi,
zinakufa, nazirudisha koponi,
hazina tanga wala matanga.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.
Hawakusema lolote juu ya kukusikitisha.
Ile manowari kubwa, aliyoichonga miezi mitatu
akiiba nusu saa kutoka kwa twiga wa watalii,
haijawahi kuvuka katikati ya kaniki.
Inakaa nyuma, inang'aa,
na ya mwarobaini yanateketea mbele yake.
Jana niliifikia. Mkono wake uliifunika
kabla dadu haijatulia.

"Imekufa, Kyalo."
"Ngoja kwanza."
"Sita na tano."
"Ngoja kwanza, nimesema."

Sikumcheka. Nyuma yangu limetundikwa gauni la harusi
ambalo mwenyewe hakuja kulichukua, mwaka wa tatu sasa.
Kitambaa kizuri, kingetoa magauni mawili ya watoto.
Kila nikikiangalia nakosa mkasi,
na mikasi ninayo minne.

Tulikuwa tunacheza kwa tochi ya simu.
Saa tatu Malindi nzima ikarudishiwa umeme
na feni ya dari, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima,
ikaamka.
Kwa mara ya kwanza kete zangu ziliruka kweli!
Chini ya cherehani, ndani ya kapu la mabaki, kwenye chai ya Kyalo.
Vinyago havikutikisika hata kimoja.
Alicheka mpaka akashika meza,
kisha akapiga magoti akazitafuta pamoja nami,
akizifuta moja moja kwenye shati.

Zilipatikana zote ila ya thelathini na moja.
"Nikuchongee?"
"Nipe kifungo tu."
Tukaweka kifungo cha koti, kikapigana vizuri,
kikafa mapema.

Nyumbani, Shela, nilivua kandambili mlangoni
nikakuta kitu kimenata kisiginoni.
Mzinga nne. Ngao mbili. Mwendo saba, umefutika kidogo.
Imetoka Barani mpaka hapa
bila roketi ya Ngomeni, bila mafuta,
imekanyagwa njia nzima,
na mshale wake bado unaonyesha mbele.